Tupeane uzoefu: mbwa anayekataa dawa mnamnywesha vipi?

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Sahare, Tanga mjini. Nafungua uzi huu kwa sababu nusura nimpoteze mbwa wangu, na dawa ilikuwepo ndani siku zote.

Masika yalipoanza Simba aliacha kula. Fizi zikawa nyeupe, pua ikachuruzika damu. Bwana mifugo akasema homa ya kupe, akampa doksisaiklini za siku 28, na akanisisitiza nisiruke hata siku moja. Nikawa naficha kidonge kwenye ugali wa dona na mchuzi wa dagaa. Sahani inarambwa mpaka inang'aa, nami moyo unatulia. Siku ya tisa nainua gunia analolalia nifagie, nakuta vidonge sita, rangi imeyeyuka, vimegandana na manyoya na mchanga. Mchuzi alimeza, kidonge akakibana shavuni mpaka afike kwake akakitema. Nilikaa pale pale chini nikalia.

Tumeanza upya, safari hii kwa kibua wa kuchoma kutoka soko la samaki la Deep Sea, namtoa miba yote kwanza. Harufu yake inazidi ya dawa. Nanyi mlifanyaje?

—

Mfugaji wa Pongwe
Pole sana dada. Huku kwetu maziwa hayakosekani, kwa hiyo mimi doksi nilikuwa natumbukiza kwenye mtindi. Bwana mifugo alinizuia: maziwa yanashikana na ile dawa tumboni, mwili hauipati yote. Na usimpe kavu ukamwacha. Kikikwama kooni kinachoma. Akishameza mpe maji au tonge la chakula.

—

Mlinzi, Raskazone
Shikamooni wakubwa. Nyumba ninayolinda ina mbwa wawili, na tajiri akisafiri dawa zao ni juu yangu. Mimi ni Muislamu, mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo, na ni zamu ya usiku, sala ya alfajiri inanisubiri. Kumfungua kinywa kwa mkono kwangu ni kazi kubwa. Lakini mnyama mgonjwa siwezi kumtazama tu.

Nachemsha maini ya kuku, nakata vipande vitatu, cha katikati nakichana nakipachika kidonge. Nasimama mbali kidogo, narusha. Cha kwanza kitupu. Anadaka. Cha pili chenye dawa, na hapo hapo cha tatu nimeshakiinua anakiona. Mbwa anayewahi kipande kinachofuata hatafuni, anameza tu. Yule jike mweusi alikuwa akitema kila kitu, sasa nikifungua sufuria tu ameshakaa kitako ananitazama mkono.

—

Dada wa Chumbageni
Kusaga msijaribu kabla ya kuuliza. Nilisaga metronidazo nikachanganya na wali, ni chungu ajabu. Mbwa alitoka povu, ute unaning'inia mpaka sakafuni, tukadhani kalishwa sumu. Mpaka leo wali wa nyumba yetu hagusi. Vidonge vingine pia vimetengenezwa visivunjwe.

—

Wa Mwambani
Kwa dawa ya maji: bomba la sindano bila sindano, ingiza pembeni kati ya shavu na meno, sukuma kidogo kidogo umwache ameze. Kichwa kisielekee juu. Mtoto wa mbwa wa kaka yangu walimwinua kichwa wakammiminia kwa kijiko, akapaliwa, dawa ikaingia mapafuni. Alikufa siku ya tatu, anahema kwa kelele. Sitaki mwingine ayaone hayo.

Kidonge mimi namwekea kwa mkono, lakini ni mbwa niliyemlea mwenyewe: nyuma kabisa ya ulimi, nafunga mdomo, nampapasa koo. Akilamba pua, kimeshuka. Mbwa mkali au mwenye maumivu mwachieni daktari, atamchoma sindano.

—

Mwanzisha uzi
Asanteni mno. Mlinzi wa Raskazone, Mungu akulipe, nimejaribu vipande vitatu jana jioni na leo, Simba kameza vyote na nimekagua gunia, safi.

Aliyeniuliza pembeni kama ampe mbwa wake diklofenaki aliyopewa mwenyewe kwa mgongo: tafadhali usimpe. Hiyo na ibuprofeni zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mpeleke kwa bwana mifugo kesho asubuhi.

Tupo siku ya kumi na nne ya awamu ya pili. Fizi zimerudi rangi ya waridi. Leo amemfukuza paka wa jirani hadi kwenye mnazi, nami sikumkataza.

Mwenye mbwa mzee asiye na meno wala asiyeweza kudaka, yeye anafanyaje? Kuna mama kaniuliza, na sina jibu la kumpa.