Naomba ushauri: kaka kanyimwa parole, tunataka kwenda mahakamani

Ndugu wanasheria na wengine mnaojua, shikamooni. Bodi ya Parole ilimpendekeza kaka yangu apewe parole (kuachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo), waziri akakataa. Barua ina mstari mmoja tu: "Maombi hayakukubaliwa." Sababu hakuna, wala hakupewa nafasi ya kujieleza. Tumeandika kuomba sababu, kimya.

Naelewa kwamba kwenye mapitio, yaani mahakama kuangalia kama uamuzi wa waziri ulifuata sheria, mahakama haimpi parole yenyewe. Inaweza kuutengua uamuzi na kuurudisha uamuliwe upya kwa kufuata sheria. Kinachoninyima usingizi ni muda wa kuomba kibali cha mahakama cha kufungua maombi hayo ya mapitio. Je, siku zinahesabiwa tangu tarehe iliyo kwenye barua, au tangu kaka alipokabidhiwa gerezani? Na kutotolewa sababu, peke yake, ni hoja inayosimama? Asanteni sana.