Nahamia mji mdogo na familia, watoto watapata nini cha kufanya? (Pia naulizia nyumba ya karibu na mto)

Msafiri Mpole (mleta mada)
Wakuu, habari za humu ndani. Naomba ushauri, wenye kejeli mpite kimya kimya.

Tunahama jiji. Mimi, mwenzangu na watoto wawili, wa kiume yuko darasa la tano, wa kike anaanza la kwanza. Nimepata kazi kwenye mji mdogo, ule ambao ukishuka stendi, baada ya muda mfupi umeumaliza kwa miguu. Hofu yangu ni watoto. Huku wamezoea bwawa la kuogelea, maktaba kubwa, mazoezi ya mpira kila Jumamosi. Kule kuna uwanja mmoja, maktaba ya chumba kimoja, na mto. Mliowahi kuhamia miji midogo, watoto wenu walizoea? Wikiendi mlikuwa mnafanya nini?

Halafu kama kuna mwenye uelewa, nyumba ya karibu na mto ina shida yoyote? Nauliza tu.

Mama Mapacha
Karibu mji mdogo, mdogo wangu. Watoto watazoea kabla yako. Wangu walinuna siku za mwanzo, baadaye nikawa nawatafuta jua likizama warudi nyumbani. Usiwajazie ratiba. Jiji linafundisha watoto kupelekwa, mji mdogo unawafundisha kwenda wenyewe. Aliyeteseka ni mimi. Sikuwa na shoga hata mmoja, nikajiunga na kwaya ilhali sauti sina, na hao wanakwaya ndio ndugu zangu mpaka leo. Mwambie mwenzako atafute watu, watoto watajitafutia.

Fundi Kona
"Nauliza tu" ndiyo mada yenyewe hiyo. Nyumba iko umbali gani na mto, na iko juu ya usawa wa maji kwa kiasi gani? Watu wanapima umbali wakati cha kupima ni mwinuko. Nyumba iliyo kwenye kilima jirani kabisa na mto inaweza isiguswe, na iliyo kilomita nzima kwenye bonde tambarare ikaingiwa.

Msafiri Mpole
Kama mita mia mbili hivi. Mwinuko sijapima, ni tambarare. Ila kuna tuta kando ya mto, na majirani wamejenga, wanaishi, wana bustani. Kama pangekuwa pabaya wasingekuwepo.

Kobe Mkimya
Nunua mtumbwi mkuu, la mto na la wikiendi yote umeyamaliza.

Binti Hesabu
Mkuu, huo utambarare umeletwa na mto. Mto ukifurika humwaga tope, mwaka baada ya mwaka, mpaka pembeni panakuwa pa usawa na pa rutuba. Bustani za majirani zako zinastawi kwa sababu hiyo hiyo.

Na usikubali mtu akwambie "mafuriko ya hapa ni ya mara moja kwa miaka 100" ukadhani yakishatokea umepumzika karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, yawe yalitokea mwaka jana au la. Ukikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Karibu familia moja kati ya nne.

Fundi Kona
La tuta nalo. New Orleans mwaka 2005 walikuwa na matuta na kuta, kimbunga Katrina kilipopita zikavunjika sehemu nyingi na takribani asilimia 80 ya jiji ikawa chini ya maji. Tuta linazuia maji madogo. Yakija makubwa yakalivuka, tuta lile lile linayazuia yasirudi mtoni, mnakaa nayo ndani.

Ukienda tena kuangalia nyumba, acha vigae na rangi. Angalia plasta iliyobanduka kwa mstari mmoja ulionyooka, rangi mpya iliyoishia kiunoni, takataka kavu zilizonasa kwenye uzio na matawi ya chini, soketi za umeme zilizopandishwa juu kuliko kawaida.

Msafiri Mpole
Soketi ziko usawa wa kifua. Muuzaji alisema ni kwa usalama wa watoto.

Fundi Kona
Za vyumba vyote? Hata chumba cha wakubwa?

Msafiri Mpole
Zote.

Sawa, niseme. Muuzaji alikiri maji yaliwahi kuingia mara moja, zamani, yakaishia kizingitini. Na mimi nimeshatoa arbuni. Msinirukie. Bei ilikuwa nzuri, nafasi za shule nimeshaziomba, na nyumba yenye kututosha watu watano, ya chini, bila ngazi hata moja, mlango mpana, mji mzima nimezunguka sijaona nyingine. Uwanja wa mpira uko ng'ambo tu ya barabara. Naomba turudi kwenye suala la watoto.

Mzee wa Baraza
Kijana, mwenzako anajua habari ya maji? Kama hajui, acha mambo ya mto, shida yako iko sebuleni. Nyumba inayonunuliwa kwa siri, siku ya matatizo kila mtu anamtafuta wa kumlaumu badala ya kutafuta njia ya kutoka. Kaa naye umwambie.

Mama Mapacha
Na uwanja ukiwa ng'ambo ya barabara ujue nao uko kwenye bonde hilo hilo. Shule je? Iko upande gani wa mto? Kwetu daraja likifungwa, shule inakuwa nchi nyingine. Siku moja nimekaa na watoto wa watu saba ndani, wazazi wao wako upande wa pili, mmoja anataka mama yake, mwingine anataka kujua kama kesho kuna mtihani. Tuliimba mpaka tukaishiwa nyimbo.

Jicho la Tai
Samahani wadau, nimerudi kusoma uzi toka juu. Post ya kwanza: mimi, mwenzangu, watoto wawili. Hao ni wanne. Sasa hivi "watu watano". Mara "nauliza tu", mara arbuni, mara soketi za kifuani zimejitokeza baada ya Fundi kuzitaja. Hii ni chai. Mtu anatunga huku akisoma comments.

Kobe Mkimya
Nilisema toka mwanzo. Ngoja nivute kiti.

Binti Hesabu
Chai au si chai, anayesoma na ana nyumba bondeni atafaidika. Lakini na mimi nataka kujua. Mleta mada, wa tano ni nani?

Jicho la Tai
Amekuwa kimya. Mods, hamishieni jukwaa la hadithi.

Msafiri Mpole
Nilikuwa kazini. Wa tano ni mama yangu. Alipata kiharusi, anatumia kiti cha magurudumu. Sikumtaja kwa sababu kila ninapomtaja watu huanza kunishauri nimpeleke kwa ndugu mwingine, na hilo kwangu halijadiliwi. Hapa tunapokaa ni ghorofani, hajaona nje ila kwa dirisha. Nilipoiona ile nyumba nikamuona amekaa barazani anaangalia wajukuu wanacheza mpira. Ndiyo maana nikatoa arbuni siku hiyo hiyo.

Nimesema ukweli wote sasa. Muuzaji asingeniuzia nyumba ambayo anajua itamuua mtu.

Jicho la Tai
Nimekosea mkuu, samahani. Mama apate nafuu.

Nesi wa Zamu
Pole kaka, na hongera kwa kumtunza. Sitakwambia umpeleke popote. Nakuomba tu uipige picha usiku, mvua kubwa, umeme umekatika, wewe uko safari. Maji yanayokwenda kasi, ya kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima anayetembea. Yakifika 60 yanabeba magari mengi. Mwenzako atasukuma kiti kwenye maji hayo, mtoto wa la kwanza yuko mkono gani?

Wanaoweza kukimbia wanaondoka maji yakionekana. Mama inabidi aondoke kabla hayajaonekana, kwa tangazo tu, na matangazo mengine yatakuwa ya bure, mtahama usiku na maji yasije. Mkikaa hapo, hayo ndiyo maisha yenu kila msimu wa mvua. Yakishaingia ndani yanakuja na ya vyooni, na aliyelala muda mrefu mwenye vidonda vya mgongo hayahimili. Umeme nao: swichi kuu izimwe kabla maji hayajafika, ukishakanyaga maji usiiguse.

Msafiri Mpole
Hayo ya usiku sikuyafikiria hivyo. Lakini nyumba za juu zote zina ngazi mlangoni. Kuna moja nzuri, kizingiti chake kimeinuka kama sentimita 60. Ningempitisha vipi kila siku?

Fundi Kona
Kumbe ni hizo sentimita 60 tu? Ngazi inageuzwa mteremko, mafuriko hayageuzwi. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kwenda juu, 12 za urefu. Kwa 60 unahitaji mita 7.2. Kama uwanja wa mbele ni mfupi, ukunje katikati, sehemu ya kugeuzia iwe ya usawa na itoshe kiti kuzunguka. Upana usipungue mita moja, zege lipigwe brashi lisiteleze, vishikio pande zote mbili. Ni kazi ya siku chache.

Mzee wa Baraza
Na arbuni idai. Uliambiwa maji yaliingia baada ya kutoa au kabla?

Msafiri Mpole
Baada. Nilipouliza kuhusu harufu ya chumba cha nyuma.

Mzee wa Baraza
Basi umeshikilia hoja. Nenda na mwenzako, mwende na maandishi mliyosainiana.

Msafiri Mpole
Nimemsomesha uzi wote huu jioni. Hajasema mengi, ameuliza tu hiyo nyumba ya juu ina baraza upande gani. Jumamosi tunaenda wote, na mama. Fundi, mita 7.2 ni pamoja na hiyo sehemu ya kugeuzia au bila?

Fundi Kona
Bila. Ongeza mita moja na nusu.

Kipepeo
Nimesoma post ya kwanza tu. Mleta mada, watoto waandikishe skauti, na huyo mkubwa hakikisha anajua kuogelea kweli, siyo kucheza majini.