Mama mkwe kaniita "mteuzi": nimesifiwa au nimesemwa?

BintiShinyanga:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naombeni ushauri, jambo dogo lakini limenikaa moyoni. Nimeolewa Tanga, huu mwezi wa tano. Jumamosi nilikwenda soko la Ngamiani na mama mkwe. Kwenye samaki nikafunua mashavu ya kila changu. Kwenye nazi nikatikisa moja moja sikioni, maana kwetu sikuzikulia na naogopa kununua mbovu. Muuzaji akaanza kununa. Mama akamwambia, "Mwache, mkaza mwanangu mteuzi. Mteuzi haishi tamaa." Wakacheka.

Mimi mteuzi namjua yule anayeteua wakuu wa mikoa. Nilichoshika ni "tamaa". Nina tamaa, na tena sitaishi? Mume wangu anasema niachane nalo. Tangu siku hiyo nikienda sokoni nachukua chochote mkono unachogusa. Niongee na mama au ninyamaze?

MpwaniHalisi:
Pole dada. Hiyo "haishi" haitoki kwenye kuishi, inatoka kwenye kwisha. Wazee wengine hutamka "heshi". Yaani mtu wa kuchagua hamalizi kutamani: akipata hiki, anaona kile kizuri zaidi. Angekutakia ubaya angesema una maringo, au una kinyaa. Hayo ndiyo matusi ya sokoni.

MamaWawili:
Mimi naona kasemwa, tusimdanganye. Kuna na methali nyingine, mchagua nazi hupata koroma. Mavyaa kamstahi tu mbele ya watu. Mdogo wangu, punguza kidogo, muuzaji naye ana wateja wengine.

MwalimuMstaafu:
Binti yangu, neno lenyewe lina heshima. Kuteua ni kutoa kilicho bora katikati ya vingi. Vitenzi vya namna hii zamani vilikuwa na *l* kabla ya *a* ya mwisho, na hadi leo inajitokeza: teua, teuliwa, chagua, chaguliwa, nunua, nunuliwa. *L* hiyo ikikutana na *i* ya mtendaji hugeuka *z*, ndiyo tukapata mnunuzi, mlezi (lea, lelewa) na mteuzi. Ikikutana na *e* inabaki: mteule. Soma Mathayo 22:14, "waitwao ni wengi, bali wateule ni wachache." Mteuzi anachagua, mteule kachaguliwa, mzizi mmoja.

Maana aliyokupa mama, mtu asiyepokea chochote tu, haikuzuka juzi mtaani, imo ndani ya methali ya wazee. Ile ya "mamlaka ya uteuzi" tunaisikia redioni kila wiki, ndiyo maana imeifunika nyenzake masikioni mwenu vijana. Inaniuma kidogo, kwa sababu sisi tulimwita mteuzi mtu mwenye jicho la nguo au ulimi wa chakula. Ilikuwa sifa yenye onyo ndani yake, na vyote viwili mama kavitia katika sentensi moja.

Ushauri wangu: usimwendee na malalamiko. Mwombe akufundishe kuchagua nazi.

MamaWawili:
Hapo mwalimu kanishinda. Naunga mkono.

BintiShinyanga:
Nimerudi, na asanteni sana. Jana nilimwomba. Mama alikaa na mimi jikoni, akaleta nazi mbili, akanitikisia ya kwanza: kimya. "Hii imejaa maji mpaka juu, koroma, tui lake jepesi." Ya pili maji yakacheza ndani. "Hii imepata." Akanionyesha na yale macho matatu, yakiwa na unyevu niiache. Kumbe nilikuwa natikisa bila kujua nasikiliza nini!

Nikapata moyo, nikamwambia nilivyoumia. Alishika mdomo. Akasema mama yake mzazi alikuwa mteuzi wa kanga, alikuwa akifunguliwa doti baada ya doti, na yeye jina hilo hampi mtu asiyempenda. Jumamosi tunarudi Ngamiani, na kasema nazi nitachagua mimi.

MwalimuMstaafu:
Msalimie sana. Mwambie shikamoo yake nimeipokea bila kuletewa.