Msaada: PS2 kwenye monita ya kompyuta, waya nimenunua lakini kioo ni cheusi

Mwana Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na mambo haya.

Nina PlayStation 2 ile nyembamba, marehemu kaka yangu alituletea kutoka Muscat mwaka 2007. Miaka yote tumeichezea kwenye TV ya chogo ya inchi 21. Wiki mbili zilizopita TV imekufa, inawaka taa nyekundu tu. Fundi kaifungua, anasema flaibeki imeungua na kuipata ya aina ile siku hizi ni kazi. PS2 yenyewe ni nzima: lenzi inasoma, pedi zote mbili zinafanya kazi, na memori kadi ina sevu zetu za tangu wakati ule.

Watoto wa kaka wanakuja Tanga likizo ya mwezi wa 12. Kila wakipiga simu wananiuliza, "Baba mdogo, gemu ya baba bado ipo?" Nimewaahidi ipo.

Hapa ndani nina monita ya Dell ya inchi 17, zile za mraba. Nyuma ina tundu la bluu la VGA na lile jeupe la DVI. HDMI haina, spika haina. Nilienda dukani nikaeleza shida yangu, nikauziwa waya wenye kichwa cha VGA upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili. Nachomeka, monita inaandika haipati signal, halafu inalala. Nimebadilisha vichwa kila namna. Kosa ni la waya, la monita au la PS2? Bajeti yangu ni elfu hamsini. Natanguliza shukrani.

Jobu wa Mitaa
Mkuu, weka PCSX2 (programu ya kuigiza PS2 kwenye kompyuta) kwenye laptop ucheze gemu zote humo humo, PS2 iache ipumzike.

Mwana Chumbageni
Asante Jobu, lakini laptop ya hapa nyumbani ni dhaifu, hata video zinakwama. Na ninachotaka ni hii hii PS2, wakae chini washike pedi alizozishika baba yao.

Msafiri 81
Kama una laptop yenye HDMI, nunua adapta ya PS2 kwenda HDMI, chomeka kwenye laptop, tumia kioo chake.

Fundi Redio
Msafiri, hapo utampoteza ndugu yetu. Tundu la HDMI la laptop ni la kutoa picha, si la kupokea. Ukichomeka PS2 hapo hakuna kitakachotokea.

Mwana Chumbageni, pole kwa TV na pole zaidi kwa kaka. PS2 yako haina kosa, monita haina kosa. Tatizo ni ule waya, na nitakueleza kwa nini ili usiuziwe tena kitu cha aina hiyo.

PS2 kwa waya wake wa kawaida inatoa picha yote, mwanga na rangi pamoja, kupitia kichwa kimoja cha njano. Vile vyekundu na vyeupe ni sauti. VGA haiko hivyo. Nyekundu, kijani na bluu kila moja ina njia yake, na kuna nyaya mbili nyingine za kuiambia monita mstari unaanzia wapi na picha inaanzia wapi. Waya wako ni shaba tupu ndani, hauna chochote cha kutafsiri. Umetengenezwa kwa ajili ya vifaa kama projekta, ambazo baadhi zinakubali picha ya komponenti (iliyogawanywa katika nyaya tatu) kupitia tundu la VGA.

Hata ukizipanga nyaya vizuri, mwendo bado haulingani. PS2 ya PAL (mfumo wa picha za TV) kama yako inachora mistari 15,625 kwa sekunde. Monita ya VGA inaanzia kama 31,000. Tena PS2 haitumi picha nzima kwa mara moja: inatuma mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, zikipokezana mara 50 kwa sekunde. TV ya chogo iliumbwa kwa mtindo huo. Monita ya kompyuta ikiuona inaona giza.

Kwa hiyo unahitaji kiboksi chenye umeme wake kinachoipokea picha, kinaunganisha zile nusu mbili, kisha kinaitoa upya kwa mwendo ambao monita inaujua. Kiulizie kama kiboksi cha AV kwenda VGA. Kama hakihitaji umeme, usikinunue.

Msafiri 81
Nimekuelewa fundi, na samahani kwa kumpotosha. Lakini nimewahi kusikia kuna waya halisi wa VGA wa PS2. Si kweli?

Fundi Redio
Ni kweli. Mwaka 2002 Sony waliuza Ulaya na Marekani seti ya Linux ya PS2 (ya kuitumia PS2 kama kompyuta), na ndani yake kulikuwa na adapta ya VGA. Ila monita ilitakiwa iwe inaweza kusoma ishara ya mwendo iliyobebwa ndani ya rangi ya kijani, na monita nyingi hazikuweza. Pia gemu za kawaida zilibaki na ule mwendo wa TV. Kwa shida hii haisaidii.

Mkilindini
Nawasalimu kutoka Mombasa. Ndugu yangu, wengi watakwambia ununue kile kiadapta kidogo cha PS2 kwenda HDMI, halafu utafute waya wa HDMI kwenda DVI. Mimi nilipita njia hiyo na ningependa usirudie.

Kiadapta kile chukua hivi: kinageuza picha kuwa ya kidijitali, lakini hakiikuzi wala hakiunganishi mistari. Kinachoingia ndicho kinachotoka. TV bapa ya sebuleni inakubali, kwa sababu TV zimezoea ishara za namna hiyo. Monita nyingi za kompyuta zinakataa. Yangu ilikuwa inaonyesha neno la kosa kisha giza, nikadhani PS2 imekufa, nikakaa na huzuni siku tatu. Nilipokipeleka kwenye TV ya jirani picha ikaja pale pale.

Na atakayetumia kiadapta hicho kwenye TV, rangi zikija za ajabu, aingie System Configuration ya PS2, kwenye Component Video Out, atoe RGB aweke ile ya Y Cb/Pb Cr/Pr. Watu wanavirudisha viadapta dukani bure kwa ajili ya jambo hilo dogo.

Mwana Chumbageni
Mkilindini, nashukuru sana, nilikuwa tayari nimeshaulizia bei yake. Sasa nina swali la pili: sauti itatoka wapi?

Bi Nuru
Mdogo wangu, una sabufa nyumbani? Vile vichwa vyekundu na vyeupe vya PS2 vichomeke moja kwa moja kwenye matundu ya AUX au DVD nyuma ya sabufa. Ni vichwa vile vile. Cha njano peke yake ndicho kiende kwenye kiboksi. Sisi wanangu wanacheza hivyo, na sauti ni nzuri kuliko ya TV yoyote.

Mwana Chumbageni
Dada Nuru, sabufa ipo! Hata sikufikiria.

Fundi Redio
Bi Nuru kamaliza. Basi mambo machache ya kuangalia ukishakipata kiboksi.

Hakikisha kina tundu la njano la kuingizia na VGA ya kutolea. Vingi vina kitufe cha kuchagua ukubwa wa picha. Monita yako ya mraba ya inchi 17 asili yake ni 1280 kwa 1024, kwa hiyo chagua hiyo, kwa mwendo wa picha 60 kwa sekunde. Hapo umbo la monita yako linakufaa kuliko monita pana za kisasa, kwa sababu gemu za PS2 nyingi zilichorwa kwa kioo cha TV ya zamani na hazitavutwa watu wakawa wanene.

Usitegemee picha kali. Kichwa cha njano kina ukungu wake na monita inauonyesha wote, maandishi madogo yatasumbua kidogo. Kama kiboksi kina tundu la S-Video (linalopitisha mwanga na rangi kwa njia tofauti) na ukapata waya wa S-Video wa PS2, tumia huo. Tofauti utaiona kwa macho, rangi haziingiliani tena.

La mwisho ni kuchelewa. Kiboksi kinahitaji muda wa kuunganisha picha, kwa hiyo ukibonyeza kitufe mchezaji anaitikia akiwa amechelewa kidogo. Mpira unachezeka vizuri, utazoea baada ya mechi mbili. Gemu za kupigana za kuhesabu muda ndizo zitakuudhi.

Mwana Chumbageni
MREJESHO

Wakuu, kiboksi nimekipata Kariakoo kupitia mtu wangu, kikaja na basi, na bajeti haikuvuka. Nimekiunganisha jana usiku. Picha ilikuja, lakini nyeusi na nyeupe. Nilikata tamaa kwa dakika kama tano. Halafu nikakumbuka Fundi alitaja PAL. Nikapekua menyu ya kiboksi, nikakuta imewekwa NTSC, mfumo mwingine wa TV. Nikaweka PAL, rangi zikarudi zote.

Sauti iko kwenye sabufa kama alivyosema dada Nuru. Ukungu upo, na kuchelewa nakuhisi nikipiga penalti, lakini tunacheza. Sevu ya kaka ya msimu wa ligi imefunguka, timu yake ipo kama alivyoiacha. Nimepiga picha nimewatumia watoto.

Mkilindini
Alhamdulillahi. Nimefurahi kama ni yangu.

Bi Nuru
Hongera mdogo wangu. Ila hiyo memori kadi ni ya miaka mingi, na likizo wataichomoa na kuichomeka kila saa. Tafuta kadi ya pili, iweke kwenye nafasi ya 2, kisha washa PS2 bila diski, ingia Browser, chagua sevu, bonyeza Copy. Baadhi ya gemu hazikubali sevu kunakiliwa, lakini jaribu ya kaka kwanza.

Mwana Chumbageni
Naitafuta kesho asubuhi. Na sevu ile siichezi tena mpaka ninakili.