Hilux D-4D inakata nguvu mlima wa Kintinku, ikipumzika dakika kumi inapona. Ni pampu kweli?

Nkuhungu_Kwetu

Mbukwenyi wakuu. Naomba msaada kabla sijatoa hela ambayo kwa kweli sina.

Nina Hilux ya 2008, dabo kebini, injini ya 2KD, ile ya dizeli 2.5 D-4D. Ndiyo inayotulisha nyumbani. Natoka Dodoma na mabati, misumari na saruji kupeleka Manyoni, kurudi napakia alizeti. Miaka minne haijawahi kunilaza njiani, hadi mwezi huu.

Nikitoka Nkuhungu gari iko vizuri. Bahi napita vizuri, Kintinku hakuna neno. Nikianza ule mlima wa kupandia Manyoni, gia ya tatu, mguu umezama, ghafla inalegea kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Taa ya injini inawaka. Haivuki mizunguko 2,000 kwa dakika hata nikanyage vipi. Haizimi, haitoi moshi wa ajabu, hailii vibaya. Inakataa tu. Naweka pembeni, nazima, naweka jiwe nyuma ya tairi, nakaa dakika kumi. Nikiwasha inadaka papo hapo na kuondoka kama si yenyewe iliyogoma. Kilomita tatu, nne, inarudia. Wiki iliyopita nilisimama mara nne kwenye mlima mmoja, malori yananipita, turuboi akihangaika na jiwe.

Kitu kingine, sijui kama kinahusika: tenki likijaa napanda hadi juu bila shida. Likishuka chini ya nusu ndipo balaa linaanza.

Fundi alipima kwa kompyuta, ikaandika P0087, presha ya mafuta kwenye reli, lile bomba la chuma linalogawia nozeli dizeli, iko chini. Hakufungua hata boneti vizuri, akasema pampu ya presha imekufa na nozeli, zile zinazonyunyizia injini dizeli, zimechoka. Pampu iliyotumika 1,800,000, nozeli 450,000 kila moja, na ziko nne. Jumla 3,600,000. Hiyo ni ada ya watoto wawili na mbegu ya msimu. Filta ya dizeli nimebadilisha mwenyewe, hakuna tofauti.

Naomba mwenye uzoefu aniambie, hiyo P0087 maana yake ni pampu moja kwa moja?

Dereva_Kizota

Pole sana mkuu. Yangu ilisumbua karibu hivyo hivyo, nikabadilisha SCV, kile kivalvu kinachokaa kwenye pampu ya presha, ikapona. Anza na hicho, ni nafuu kuliko pampu nzima.

Fundi_wa_Dizeli

Mbukwa mkuu. Usinunue kitu chochote kwanza. Hata SCV, ndugu yangu wa Kizota anisamehe.

P0087 haisemi ni kifaa gani kimekufa. Inasema kompyuta iliomba presha fulani, na sensa ya kwenye reli ikaona pungufu. Mafuta yanaanzia tenkini, yanapita kwenye mabomba, filta, pampu, reli, hadi nozeli. Yakibanwa au yakivuja popote katika safari hiyo, namba inayotokea inaweza kuwa hiyo hiyo. Fundi anayesoma namba na kutaja bei hajapima gari bado.

Gari yako imeshaeleza mengi, tatizo hakuna aliyeisikiliza. Hilux hii haina pampu ya umeme ndani ya tenki. Kipampu cha kuvuta mafuta kiko ndani ya pampu ya presha, kule mbele kwenye injini, na kinanyonya kutoka nyuma kote huko kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa atavuta hewa. Ukiziba atavuta hadi mashavu yaingie ndani. Tenki likijaa mafuta yako juu na kazi ya kuvuta ni nyepesi. Likishuka, kipampu kinanyonya kutoka chini zaidi, na penye kizuizi kinashindwa.

Lakini kilichonifanya niandike yote haya ni zile dakika kumi. Mwisho wa bomba la kunyonya, ndani ya tenki, kuna chujio dogo la wavu. Mlimani injini inataka mafuta mengi, uchafu unavutwa na kugandia kwenye wavu. Ukizima, mvuto unakwisha, uchafu unabanduka na kuzama. Unawasha, kilomita tatu, umegandia tena. Pampu na nozeli zilizolika hujitangaza kwa njia nyingine: injini ikiwa ya moto unapiga stata mpaka betri inalia, maana dizeli ya moto ni nyepesi na inavujia humo humo ndani. Yako ikiwa ya moto inadaka papo hapo. Na SCV inayokwama mara nyingi huonekana hata gari ikiwa imesimama, mlio unapanda na kushuka wenyewe.

Sijasema nina hakika, nasema tupime. Tafuta kipimo cha kuunganisha na simu kinachoonyesha presha inayoombwa na presha iliyopo. Vipimo vingi vinaandika kwa kPa, yaani kizio cha presha. Ikinguruma bila kukanyaga utegemee kama 30,000 hadi 40,000. Mlimani itaomba zaidi ya 100,000. Angalia kama namba mbili zinakwenda pamoja au moja inaachwa nyuma. Halafu weka kipande cha mpira mweupe unaoona ndani, wa kustahimili dizeli, kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali panavuta hewa. Mpira ukibonyea, kuna mahali pameziba.

Neno moja la kuzingatia sana. Usilegeze nati ya paipu za chuma za kwenye reli wakati injini inawaka, na usipitishe mkono kutafuta uvujaji. Mafuta ya presha ile yanatoboa ngozi na kuingia kwenye nyama. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, mtu anapuuza, baadaye anapoteza kidole au mkono. Ikitokea, hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri maumivu.

Nkuhungu_Kwetu

Nashukuru sana fundi. Nimeazima kipimo kwa jirani. Ikiwa imesimama inasoma 32,000 na imetulia, wala mlio hauyumbi. Nimeenda hadi mlimani na turuboi akisoma namba kwenye simu. Mwanzo inaomba 110,000 na inapata 109,000. Baada ya muda iliyopo ikaanza kubaki nyuma, 95,000, 80,000, ilipofika 60,000 na kitu gari ikalegea na taa ikawaka. Haikuanguka kwa mkupuo, ilishuka taratibu.

Mpira mweupe nimeweka leo asubuhi. Mapovu mawili matatu ya mwanzo, kisha safi. Lakini nikiizungusha injini hadi 3,500 na kuishikilia hapo, mpira unabonyea katikati. Nimeuona kwa macho yangu.

Mama_Alizeti_Kongwa

Mwanangu, dizeli unanunua wapi? Nakuuliza kwa sababu wakati wa mavuno sisi huku tunajazia kwenye madumu, na madumu yale yanafunikwa na nailoni chini ya kifuniko. Ukifungua kwa haraka nailoni inakatika, kipande kinaingia kwenye mafuta na hukioni. Mimi pikapu yangu ilinisumbua msimu mzima. Kijana mmoja akapuliza upepo kwenye bomba la mafuta kurudi tenkini, ikapona siku mbili, tukafurahi. Kumbe alirudisha uchafu ndani tu. Usikubali kupuliziwa. Tenki lishushwe.

Fundi_wa_Dizeli

Mama amesema kweli tupu. Na presha kushuka taratibu namna hiyo, pamoja na mpira kubonyea, vyote vinaelekeza nyuma ya pampu. Filta umebadilisha. Limebaki bomba na tenki. Kabla ya kushusha tenki litoe kwenye hesabu: funga dumu la lita 20 la dizeli safi kwenye bodi, unganisha mpira kwenye bomba la chuma pale linapotoka tenkini, ubonyeze pampu ya mkono ya kwenye filta mpaka iwe ngumu, upande mlima ule ule na mzigo ule ule. Mafuta yanayorudi yataendelea kuingia tenkini, kwa hiyo dumu litaisha haraka kuliko unavyofikiri. Mpira uwe mbali na ekzosi.

Nkuhungu_Kwetu

Wakuu, nimerudi na majibu.

Jumamosi nilifunga dumu kama fundi alivyoelekeza, mifuko 20 ya saruji juu. Nikaanza mlima na moyo uko mdomoni. Gia ya tatu, mguu umezama, turuboi anasoma: inaomba 112,000, inapata 111,000. Hivyo hivyo hadi juu. Sikusimama hata mara moja. Pampu ile ile iliyoambiwa imekufa.

Jumapili tukashusha tenki uani kwangu. Nilipochomoa bomba la kunyonya nilikaa chini. Wavu haukuonekana kabisa. Ulikuwa umevikwa utando mweusi, laini, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemshwa, na ndani yake mchanga mwekundu na vipande vya nailoni ya bluu. Mama Kongwa, nilikukumbuka pale pale. Mwezi wa tano nilijazia madumu mawili kijijini baada ya kuishiwa, na nailoni zilikuwa za rangi hiyo hiyo. Chini ya tenki tulikuta maji ya kujaza nusu kikombe, na tope.

Tumeosha tenki kwa dizeli mara tatu hadi kitambaa cheupe kikatoka safi. Wavu umeoshwa kwa brashi laini, mpira wa mafuta uliokuwa unaanza kupasuka tumeubadilisha pamoja na klampu zake. Jumla na kazi 145,000.

Jana nimefuta ile namba kwenye kompyuta na kupanda Manyoni na mzigo, tenki likiwa robo kwa makusudi. Imepanda. Presha iliyoombwa na iliyopo zinakwenda bega kwa bega.

Fundi, Mungu akubariki. Sikujui sura, lakini watoto wangu wamelipiwa ada kwa sababu ulikaa ukaandika.

Fundi_wa_Dizeli

Amina mkuu, nimefurahi kuliko unavyodhani. Bado kuna kazi moja. Filta uliyoweka mwanzoni imekunywa uchafu huo huo wiki zote hizi, itoe uweke nyingine, na ile ya zamani ichane uangalie karatasi yake. Ukiona vumbi la chuma linalometameta, rudi hapa haraka, maana hapo tutakuwa tunazungumza habari ya pampu. Ukiona tope tu, endelea na safari.

Nkuhungu_Kwetu

Nimeichana sasa hivi. Tope tu.