Naenda Tabora kununua asali kwa mara ya kwanza, nifanyeje nisipigwe?

mgeni_wa_reli
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mwezi huu nashuka Tabora kuchukua ndoo 10 za asali nikauze Dar. Kwa jumla sijawahi kununua. Kuna jamaa ananishauri nipitie kwanza kwa mtaalamu nipewe dawa ya mvuto, eti wauzaji watalegeza bei. Mimi nataka kujua cha kuangalia, nisimame mbele ya dalali bila kubabaika. Kupima kwa njiti ya kiberiti, ile ya kuichovya kwenye asali uone kama itawaka, kunatosha?

FundiMzinga
Marahaba. Hela ya dawa nunulia mzani wa kuning'iniza wa kilo 50. Asali ni nzito kuliko maji: lita 1 ina kama kilo 1.4, kwa hiyo lita 20 kamili ni kilo 28, bila uzito wa ndoo. Usiulize bei ya ndoo, uliza ya kilo. Tuseme ndoo ni 200,000. Ikiwa na kilo 28, kila kilo inakuangukia 7,143; ikiwa na 25, ni 8,000. Ndoo 10 zikipungua kilo 3 kila moja, umeacha kilo 30, zaidi ya ndoo nzima, na dalali anakusindikiza stesheni huku anacheka.

Ndoo tupu ipimwe kwanza. Mzani ukiwa wa muuzaji, tundika chupa 4 za maji za lita 1.5 zisizofunguliwa: usome kilo 6 na kauzito kadogo ka plastiki. Fanya hivyo mbele yake bila maneno mengi. Na usimwambie treni yako inaondoka lini!

nta_na_masega
Naongezea: mzani haukamati sukari, sharubati nzito inaweza kukaribia uzito huohuo. Njiti nayo ni mchezo wa watoto. Asali halisi yenye maji mengi inaizima, sharubati nzito inaiacha iwake. Kudondosha kwenye glasi ya maji ni vilevile, na sisimizi wanakula vyote.

Pima unyevu. Usizidi 20%, ukizidi asali inachacha. Kifaa ni rifraktomita, na uchukue ya asali. Ya juisi vipimo vyake havifiki huko. Tone moja, funika, elekeza kwenye mwanga, soma mstari. Tone likiwa na chembe zilizoganda mstari unakuwa na ukungu, liyeyushe kwanza. Chukua sampuli juu na chini, kwa sababu asali yenye maji hupanda juu. Ndoo yenye koki itakutolea ile nzito ya chini tu, na wewe utafurahi.

Kifaa hicho nacho hakioneshi sukari. Ukiwa na shaka, ulizia Chuo cha Nyuki, kipo hapohapo Tabora.

mgeni_wa_reli
Asante sana. Ikiwa na povu je? Na iliyoganda niikatae?

nta_na_masega
Povu la kuchuja ni hewa, ukiliengua halirudi. La kuchacha linarudi, linanuka siki, na mfuniko unatuna. Hiyo iache.

Kuganda si dalili ya sukari, asali halisi inaganda. Isimamishe ndoo kwenye maji ya nyuzi 40 hivi, yale mkono unayavumilia, na uwe na subira. Usiiweke motoni, itaungua na kuwa nyeusi. Weusi peke yake usikutishe, ila ikinuka moshi ujue mrinaji alizidisha moshi.

FundiMzinga
La mwisho, hapa ndipo wengi wanapolia. Ukishapima usiende kunywa chai! Funga ndoo palepale: nailoni chini ya mfuniko, maana asali inavuta unyevu wa hewani, halafu gundi ya karatasi kuzunguka. Andika kilo kwa maka peni na uweke saini ipite juu ya gundi mpaka kwenye ndoo. Ikibadilishwa, saini haitakutana.