Kuacha ngano kwa sababu ya uchovu na upungufu wa damu: nianzie wapi?

Mwalimu_Tanga aliuliza:

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina umri wa miaka 36. Kwa miaka miwili sasa nachoka kupita kiasi, tumbo hunijaa gesi karibu kila baada ya kifungua kinywa, na mara mbili nimepimwa nikaambiwa damu iko chini. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda, kisha ikashuka tena nilipovimaliza. Minyoo na malaria nimepimwa, sina, na hedhi yangu si nzito.

Dada yangu, tumbo moja, anaishi Muscat, na mwaka jana aligunduliwa huko kuwa na ugonjwa wa siliaki. Ndiye aliyenishauri niache ngano na kila chenye gluteni, ile protini iliyomo ndani ya ngano. Leo ni siku ya tisa tangu niache chapati, mahamri na tambi, na kwa kweli najihisi mwepesi kidogo. Shida yangu ni kwamba sijui kama ninafanya jambo sahihi, sijui asubuhi nile nini na chai yangu, na mama mkwe ameanza kusema kwamba chapati zake zimekuwa haramu kwangu. Unga maalumu niliouona dukani bei yake inatisha. Naomba ushauri wa wanaoifahamu hali hii.

Fundi_Maabara alijibu:

Mwalimu, pole sana. Nafanya kazi maabara, na ushauri wangu wa kwanza hautakufurahisha: rudi ule chapati, kisha ukapimwe.

Siliaki ni hali ambayo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni ya ngano, shayiri au rai (nafaka inayofanana na ngano), huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Damu hupimwa kutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati wa shambulio hilo, na kipimo kinachotumika zaidi huitwa tTG-IgA. Mtu akiisha kuacha ngano, kingamwili hizo hupungua taratibu na kipimo kinaweza kutoka hasi ilhali ugonjwa upo. Kwa hiyo anayetaka kupimwa hutakiwa awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa muda wa karibu wiki sita. Siku zako tisa hazijaharibu kitu, lakini ukifika miezi mitatu utakuwa umejifungia mlango. Mwombe daktari apime pia kiwango cha IgA yote, yaani ile aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwa sababu wako watu ambao miili yao haiitengenezi ya kutosha, na majibu yao huonekana mazuri bila kuwa mazuri. Kipimo cha damu kikiwa chanya, kwa mtu mzima kwa kawaida hufuata endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo ili kuchukua vinyama vidogo vya kuchunguzwa.

Sikuambii haya kukutisha. Ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa wa siliaki, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi wa kuwa nao yeye mwenyewe. Tena madini ya chuma hufyonzwa hasa katika sehemu ile ile ya mwanzo wa utumbo inayoumizwa na ugonjwa huu, ndiyo maana mtu humeza vidonge na damu isikae. Mtaje dada yako mbele ya daktari kabla hujataja chapati, maana huku kwetu upungufu wa damu una sababu nyingi zilizo za kawaida zaidi na siliaki haimjii mtu akilini haraka.

Mama_Likoni alijibu:

Mwanangu, nimeishi na siliaki mwaka wa saba huu, hapa Mombasa. Aliyosema huyo fundi ni kweli tupu. Mimi niliacha kwanza nikapima baadaye, ikabidi nirudie ngano wiki kadhaa huku naumwa na tumbo.

Ukishathibitishwa, usikimbilie unga wa dukani wa bei kali. Chakula chetu kingi hakina gluteni tangu asili: ugali, wali, muhogo, ndizi, viazi vitamu, mtama, ulezi, maharage, kunde, samaki, nazi. Kinachotusumbua ni kile kijisehemu cha ngano kilichokaa mahali pa chai. Asubuhi mimi hula vibibi vya mchele, au muhogo wa kuchemsha, au viazi vitamu, na mbaazi za nazi ambazo wengine huzila kwa mahamri mimi huzila kwa vibibi wala sioni kilichopungua. Vitumbua na mkate wa kumimina vinafaa, ila umuulize mpishi, kwa kuwa wapo wanaotia kijiko cha unga wa ngano ili vishike.

Ngano iliyojificha ndiyo iliyonitesa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakula kwa uangalifu wote na bado nikiumwa, hadi nilipokwenda kusimama kwenye mashine ya kusaga nikaona mtu aliyenitangulia anasagisha ngano, na mahindi yangu yakafuata humo humo. Siku hizi nasaga mtama na mchele kwa mashine yangu ndogo ya nyumbani. Unga wa uji wa lishe usiununue bila kujua umechanganywa nini, maana ngano humo ni jambo la kawaida. Bhajia za dengu hazina ngano, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa sambusa, ni kama umekula sambusa. Urojo uache, rojo lake huwa na unga wa ngano. Boko boko ndiyo ngano yenyewe. Sosi ya soya na vinywaji vya kimea cha shayiri navyo viache. Nyumbani weka kibao chako, mwiko wako na chujio lako, usichangie.

Na mama mkwe usibishane naye. Mimi wangu nilimpelekea karatasi ya daktari, akaisoma, na siku ya pili akanipikia vibibi bila kuambiwa.

Mdadisi_Arusha alijibu:

Naongeza neno kwa wasomaji wengine, ambao hawana dada mwenye siliaki. Kuacha gluteni si dawa ya nguvu kwa kila mtu. Mara nyingi aliyeacha mahamri na biskuti ameacha pia sukari na mafuta mengi, halafu nafuu yote akaihesabia ngano. Kibaya zaidi, unga wa ngano wa viwandani hapa nchini huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa matakwa ya sheria, kwa hiyo mwenye damu pungufu akiuacha na kuhamia sembe ya mtaani na wali mweupe anaweza kujipunguzia damu zaidi. Anayelazimika kuacha ale ulezi, dona, kunde, dagaa na mboga za majani.

Mwalimu, hukusema vidonge vya chuma ulikuwa ukivimeza na nini. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Mwalimu_Tanga alijibu:

Nawashukuru wote. Ndugu Mdadisi, umenikamata: nilikuwa navimeza kwa chai ya rangi, kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Leo nimekula chapati mbili za mama mkwe, akafurahi sana. Nitaendelea kula mpaka siku ya vipimo na nitaomba hivyo viwili alivyovitaja fundi. Swali moja tu limebaki. Mimi ni Mkatoliki, na hostia, ule mkate wa komunyo, ni ya ngano. Ikithibitika nifanyeje?

Fundi_Maabara alijibu:

Kabla ya kipimo pokea kama kawaida. Kikitoka chanya, zungumza na paroko wako. Kanisa halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, lakini linaruhusu ile yenye gluteni kidogo mno, na linaruhusu pia mwamini apokee kwa divai peke yake. Ukichagua divai, omba kikombe cha pembeni, kwa sababu kile cha padre hutiwa kipande cha hostia.